Vifo Viwili vya Yuda

Asubuhi ya Jumatatu mchungaji wetu aliniomba nimpeleke mdogo wangu kwa askari akajisalimishe, nami nikakubali. Ningeweza kukataa. Mke wangu alikuwa amekataa tayari, kwa sauti, mbele yetu sote. Nimezeeka nikiirudia saa ile, na kila mara naona kwamba hakuna aliyenisukuma.

Jumamosi iliyotangulia hatukuwa na habari ya lolote. Tulikaa Makongeni, katika nyumba za wafanyakazi wa reli. Mimi nilikuwa karani kwenye ghala la mizigo, na mwalimu wa darasa la Biblia kanisani. Njoroge, mdogo wangu, alikuwa mpishi katika kambi ya wanahewa, wanajeshi wa anga. Kila alipopata ruhusa alikuja kwetu, akamwondoa mke wangu Wambui jikoni na kukaanga chapati mwenyewe, akidai kwamba za shemeji yake zingefaa kuzibia pancha.

"Mzee wa kanisa," aliniita siku hiyo, unga umemjaa mikononi, "kesho unafundisha nini?"

"Kwamba hakuna neno hata moja katika Biblia linalopingana na jingine."

"Sawa. Kaini alimwoa nani?"

Wambui alicheka. Mimi sikucheka. Nilimwambia kwamba maswali ya namna hiyo huulizwa na walevi. Akanisukumia chapati ya kwanza.

"Kula, buda. Utakasirika vizuri ukishashiba."

Jioni alirudi kambini.

Jumapili tuliamshwa na milio ya risasi. Ilikuwa Agosti ya themanini na mbili. Redio ilitangaza kwamba wanahewa wameipindua serikali, kisha ikapiga muziki. Katika Barabara ya Jogoo watu walipita mbio wakiwa na magodoro na televisheni vichwani. Baadaye sauti nyingine ilisema kwamba serikali ingali imara, na kwamba waasi wote wajisalimishe.

Njoroge alitokea adhuhuri, bila viatu, jasho limemlowesha sare. Alisema waliamshwa na wenzao wenye silaha, wakaambiwa wapande lori au wapigwe risasi papo hapo. Naye alipewa bunduki. Lori liliposimama mjini aliiacha chini ya benchi, akaruka, akakimbia. Wambui hakuuliza mengi. Alimpa shati langu na suruali, akaikatakata ile sare kwa kisu na kuichoma kwenye jiko la makaa, pamoja na kitambulisho chake cha jeshi.

"Atavaa koti lako la reli," aliniambia. "Barabara zikifunguliwa nitampeleka Njiru kwa dada yangu. Kule ni mashamba matupu. Nani atamfuata huko?"

Ulikuwa mpango mzuri. Sikuusifu wala kuukataa.

Jumatatu wanajeshi walianza kupekua nyumba mtaani, mstari mmoja baada ya mwingine, wakitafuta mali iliyoibwa, na pia wanahewa waliotoroka kama Njoroge. Mchungaji, ambaye alikaa mstari wa pili, alikuja akiwa ameinua mikono hadi mlangoni petu. Alikuwa amesikia kwamba Njoroge yuko kwetu. Alisema kwamba anayepinga mamlaka anampinga Mungu aliyeyaweka, na kwamba mtu akijisalimisha kwa hiari Mungu atalainisha mioyo ya wale watakaomshika. Nimsindikize mwenyewe, alisema. Kwa vile nilikuwa mzee wa kanisa, wangenisikiliza.

Njoroge alikuwa ameketi kitandani.

"Mchungaji," aliuliza, "jana saa moja asubuhi mamlaka yalikuwa ya nani?"

Mchungaji aliitazama mikono yake.

"Na Rahabu je?" Wambui alisema. "Si aliwaficha wapelelezi, akawadanganya watu wa mfalme? Mungu alimwadhibu?"

"Hilo ni Agano la Kale," nikasema.

"Amesifiwa hata katika Agano Jipya, Baba Njeri. Si wewe uliyetufundisha?"

Ni mimi niliyewafundisha. Lakini nilijua pia kwamba Njoroge akikutwa ndani mwangu, nitapoteza kazi, nitapoteza nyumba ya reli, na huenda nisirudi nikichukuliwa. Kitabu kilikuwa na majibu mawili. Nikachukua lile lililofanana na hofu yangu, nikaliita utii.

"Wewe ndiye mkubwa," Njoroge aliniambia, akasimama.

Nilimtia Agano Jipya dogo katika mfuko wa shati, upande wa kifua. Nikamwambia kwamba wakiona yeye ni mtu wa Mungu hawatamdhuru, na niliamini hivyo. Wambui alisimama mlangoni akiwa ameziba mdomo kwa kanga, hakutuaga.

Tulitembea tukiwa tumeinua mikono. Mimi nilikuwa nimeshika kitambulisho changu juu, kama watu wote walivyofanya siku hizo.

Kizuizi kilikuwa barabarani, askari watatu na lori.

"Simama hapo! Kitambulisho!"

Nilikuwa nimeyapanga maneno ya kusema. Hayakutoka.

Njoroge hakuwa na kitambulisho. Alinigeukia.

"Waonyeshe," nikamwambia.

Alishusha mkono wa kulia, akautia mfukoni.

Mlio ulikuwa mmoja tu.

Alikaa chini kwanza, kama mtu aliyechoka. Kisha akalala.

Askari aliyefyatua alikuja, akapiga goti, akauvuta mkono wake kutoka mfukoni. Akakiona kilichokuwa ndani. Alikigeuza huku na huku, akanipa.

"Mbona hukusema ni kitabu?" aliniuliza.

Swali hilo najiuliza hata leo.

Tulimzika kwetu, mlimani. Mchungaji alisoma zaburi ile inayoahidi kwamba mishale ya mchana haitamgusa anayemtumaini Bwana. Aliisoma hadi mwisho, kaburi likiwa wazi mbele yake, na watu wakaitikia amina. Nilitazama uso mmoja baada ya mwingine nikitafuta aliyesikia nilichosikia mimi.

Majuma yaliyofuata nilitaka kujua jambo moja tu: msaliti huishia wapi. Nikafungua habari za Yuda. Mahali pamoja anajuta, anarudisha fedha, anajinyonga. Mahali pengine ananunua shamba kwa fedha zilezile, anaanguka humo, anapasuka. Nilikuwa nimezisoma habari zote mbili miaka mingi na kuwafundisha watu wazima, wala sikuwahi kuziweka pamoja. Nilikwenda kwa mchungaji.

"Alijinyonga, kamba ikakatika, akaanguka," alisema.

"Imeandikwa wapi kwamba kamba ilikatika?"

"Haijaandikwa. Inaeleweka."

Nilirudi nyumbani. Kazi yangu yote ya darasani ilikuwa hiyo, kutunga kamba ambazo hazikuandikwa ili kitabu kisionekane kimepasuka. Na kwa kitabu hicho nilimtoa Njoroge nje.

Nilimwambia Wambui kwamba Mungu amenidanganya. Alikuwa akipepeta mchele. Hakuacha.

"Mungu hakukutuma, Baba Njeri. Usimsingizie."

Yeye angali anasali. Mimi niliuacha uzee wa kanisa mwaka huohuo, na nikipiga magoti hadi leo nasikia ukuta tu. Si kwamba nimethibitisha hakuna aliyepo. Nilimjua kwa kitabu kile peke yake, na siwezi tena kukiamini kinaponiambia yeye ni nani.

Mama yetu aliishi miaka saba baada ya hapo na hakula tena nyumbani kwangu. Njoroge hakuoa, hakuacha mtoto. Uamuzi ule ulinigharimu ndugu yangu wa pekee, ukanigharimu mama yangu angali hai, na ukaniondolea Mungu ambaye ningemwomba msamaha.