Glavu za Sabasaba

Kijiji kimoja cha Ujamaa, upande wa Isansa, kilipewa glavu jozi tatu za wanyunyizaji wa dawa ya kahawa. Mwenyekiti akazifungia ofisini, zisichafuke kabla ya maandamano ya Sabasaba, sikukuu ya wakulima. Watu wazima na akili zao wakapiga makofi.

Basi Zebedayo, mnyunyizaji mkuu, akakoroga dawa kwa mkono mtupu misimu miwili mfululizo. Alijiona bwana mkubwa na lile bomba mgongoni. Mkono huohuo ulikuwa na mwandiko mzuri kuliko wote katika darasa la watu wazima, na mkewe, Nesta, aliuonea fahari.

Nesta ndiye aliyeona kwanza. Bomba lilitundikwa jikoni, juu ya mkungu wa ndizi mbivu, na vijiinzi vinavyozengea ndizi vikawa vinaanguka chali, miguu ikitetemeka, havifi wala haviruki. Jioni ileile kikombe kikamcheza Zebedayo mkononi hadi chai ikamwagika. Nesta aliogopa sana. Akavifunga vijiinzi kwenye jani, akampelekea bwana shamba, Lusungu.

"Mama Fides," Lusungu akacheka, "inzi ni inzi, mtu ni mtu. Dawa inajua inachokiua."

Dawa yenye kujua. Ndiyo elimu aliyorudi nayo kutoka chuoni.

Mganga wa zahanati hakucheka. Alimweleza kwamba neva hupeleka amri mwilini: kaza, kisha legeza. Dawa hii huizuia amri isizimike, msuli ukabaki unatetemeka bila kupumzika.

"Na kwa inzi na kwa mtu ni hivyohivyo, mama. Akiendelea kuishika, mkono hautarudi."

Nesta akaenda ofisini kuomba glavu. Mwenyekiti akamwambia asubiri Sabasaba, wiki tano tu. Zebedayo naye, kichwa kigumu, akaendelea kunyunyiza. Eti mnyunyizaji mkuu haogopi maji meupe ya dawa.

Sabasaba ikafika. Glavu zikatolewa, bado zinanuka mpira mpya. Zebedayo alitakiwa azivae, aongoze maandamano, kisha asaini kitabu cha wakulima bora. Vidole vikakataa kuingia, kila kimoja kinacheza kivyake. Nesta akamvalisha kama mtoto, mbele ya wageni.

Kwenye kitabu, Lusungu akasogeza wino wa dole gumba.

"Mume wangu anajua kuandika," Nesta akasema.

"Asaini basi."

Nesta akautazama ule mkono. Akaivua glavu ya kulia, akalishika dole gumba la mumewe kwa nguvu lisitikisike, akalibandika yeye mwenyewe. Mwenyekiti akazikusanya glavu zote, akazifuta vumbi, akazirudisha ofisini hadi Sabasaba nyingine.