Maua ya Baba Kwenye Sinema za Watu

Baba yangu aliyajua mataifa ya dunia kwa sababu ya masanduku. Kwa miaka mingi alifanya kazi kwenye shamba la maua karibu na Ziwa Naivasha, ndani ya banda la kupangia: anapima shina la waridi, anakagua kichwa, anatupa lililovunjika, anafunga kumi kumi, kisha bando linaingia kwenye sanduku lililoandikwa nchi linakokwenda. Ukimtajia Uholanzi anakuambia hao wanataka shina refu. Ukimtajia Urusi, kichwa kikubwa. Yeye mwenyewe hakuwahi kuvuka mpaka wowote. Uwanja wa ndege alifika mara moja tu, ndani ya lori la maua, akarudi na lori hilo hilo likiwa tupu.

Macho yalipoanza kumsumbua nilimtoa Kamere, alikokuwa amepanga chumba kimoja na kujifanya hahitaji mtu, nikamleta kwangu Bahati, nje kidogo ya Nakuru. Mimi nashona sare za shule kwenye chumba cha mbele, na mume sina, kwa hiyo hapakuwa na wa kuniuliza. Daktari wa macho mjini Nakuru alikuwa mwanamke mpole, na upole wake ulinitia hofu kabla hajasema neno. Alisema ni presha ya macho. Kilichopotea hakirudi. Matone yangeshikilia kilichobaki kwa muda, na muda huo ni kiasi gani hakuweza kusema. Nilimuuliza mara tatu kwa maneno tofauti, nikidhani labda nimeuliza vibaya, naye mara zote akanijibu lile lile.

Tulikuwa tumekaribia nyumbani baba aliponigeukia.

"Maitu," akasema, "kabla hii macho haijafunga, nataka nione mahali maua yangu ilikuwa inaenda."

Mimi ni binti yake wa kwanza, nimepewa jina la mama yake kama desturi yetu inavyotaka, ndiyo maana ananiita Maitu, yaani mama yangu. Mzee akikuita mama halafu akakuomba kitu, utakataaje? Lakini kumpeleka Uholanzi ningetoa wapi? Nilichoweza ni sinema. Nilinunua runinga kuukuu kwa jirani aliyekuwa akihama. Mambo ya intaneti niliyaacha kwa wenye nazo, maana bando za data zingekula unga wetu. Badala yake nikawa nashuka mjini na flashi kwa mwanamke mmoja mwenye duka la muvi karibu na soko, duka lenye upana wa mlango, yeye na kompyuta yake na mtoto mgongoni.

Kwake sinema haikuwa na jina, ilikuwa na uraia. Huyu ni Mkorea, huyu Mturuki, huyu Mfilipino analia sana. Siku ya kwanza niliomba Mholanzi. Alitafuta, akakuna kichwa.

"Mholanzi sina, customer. Lakini niko na Mjerumani. Si hao ni majirani?"

Akanijazia pia na za DJ bila kuniuliza. Hizi ni zile ambazo mtu wa kwetu huzungumza juu ya wachezaji, anasimulia kila kitu kwa Kiswahili cha mtaani, nani anaingia, nani ameshika bunduki, na kuwapa Wachina majina ya mitaa ya Nairobi. Vijana wanazipenda kuliko chakula. Baba alisikiliza dakika chache akasema huyo ni kama mgeni anayeongea watu wakiomba, niitoe. Alitaka sinema safi, watu waseme lugha yao, na mimi nimsomee maandishi ya Kiingereza yanayopita chini, nikiyageuza. Basi ikawa hivyo kila Jumapili tukitoka kanisani: yeye kwenye kiti, mimi kwenye stuli na shati la mtu mapajani, nikisoma huku nashona vifungo.

Hadithi zenyewe hazikumshika sana. Alikuwa anatafuta maua. Watu wanaweza kuwa wanachinjana pale mbele, yeye macho yake yapo mezani nyuma yao. Kukitokea chombo cha maua lazima nisimamishe, naye anasogea na kuinamisha kichwa hadi karibu aguse kioo. "Hiyo si yetu. Shina fupi." Au, "Hiyo imekatwa ikiwa imefunguka, ni ya Ethiopia." Kwenye yule Mjerumani kulikuwa na mazishi, na juu ya jeneza shada la waridi nyekundu. Baba alilitazama muda mrefu akasema polepole kwamba hayo ni yetu, ni ya kwake. Nilimuuliza amejuaje. Akasema mtu hawezi kusahau mkono wake. Sikuamini hata kidogo, lakini nilimchemshia chai ya pili, kwa sababu sikuwa nimemwona na furaha ya namna ile tangu tumzike mama.

Alikosea pia, na akikosea hakubali. Kulikuwa na Mrusi mmoja ambamo kijana anampelekea msichana waridi tatu. Tatu! Baba aliyefunga kumi kumi maisha yake yote aliona wizi mtupu. Alisema kijana amefungua bando, ameficha saba za mwanamke mwingine, na msichana asipoangalia atalia. Nilimwambia huenda huko ndivyo wanavyopeana. Akanuna. Mwisho wa sinema kijana akamwacha msichana kituoni, na baba akanigeukia kama hakimu aliyekwisha kutoa hukumu. Nilicheka hadi sindano ikanichoma. Wiki iliyofuata alimsifu Mfaransa mmoja kwa waridi za mezani ambazo, nilipoangalia vizuri, zilikuwa za plastiki. Hilo sikumwambia.

Kila jioni nilimtia matone, tone moja kila jicho, naye anafumba na kuhesabu kimoyomoyo. Na bila kupanga, maua yakawa kipimo changu. Kwa kuwa daktari hakuwa na jibu, nilijitafutia langu: Jumapili ambayo baba ameona shina, nalala nikijiambia dawa inashika. Shangazi yangu alipokuja kutoka Keringet na chupa ya asali iliyochanganywa na majani ya sijui nini, akitaka tumpake machoni, nusura nimtoe mbio na viatu mkononi. Sisi tuna dawa ya daktari, nilimwambia, na inafanya kazi, juzi tu ameona maua ya kikombe kidogo dirishani kwa Mjapani. Shangazi alinitazama kwa huruma, na mimi huruma siiwezi, nikarudi kwenye cherehani nikashona kola upande usiofaa.

Sasa nikikumbuka naona mambo yalivyokwenda. Kiti kilisogea mbele, kidogo kidogo, hadi akawa anazuia stuli yangu. Kisha siku moja kikarudi nyuma mahali pake, nami nikafurahi. Aliacha kuniambia nisimamishe. Aliacha kusema shina fupi, shina refu. Akawa anasema tu kwamba hapo kuna maua mazuri, na mara nyingi kweli yalikuwapo, kwa sababu sinema gani ya matajiri haina maua? Siku ya kurudi kliniki ilipofika alisema baridi ya asubuhi inamkata magoti, twende mwezi ujao. Nikakubali upesi. Nadhani nilikubali kwa sababu yule mwanamke mpole alinitisha, na nyumbani tulikuwa tunaendelea vizuri.

Kisha akaomba za DJ. Nilidhani sikusikia vizuri. Akasema watu wote Kenya hii hawawezi kuwa wajinga, nimletee tena aone. Yule mama wa muvi alicheka sana nilipomwambia, akanijazia flashi. Baba alimsikiliza yule DJ kwa makini kuliko alivyomsikiliza mhubiri, na mtu akianguka anauliza ameanguka wapi kabla DJ hajasema. Nilimtania kwamba amekuwa kijana wa mtaa, kesho ataniomba suruali za kubana. Akacheka nami. Nilikuwa na furaha kweli siku hizo, na hilo ndilo linalonichoma.

Jumapili moja mvua ilitupiga kutoka kanisani hadi mlangoni. DJ alikuwa ameisha kwenye flashi, kwa hiyo niliweka sinema safi ya nchi moja ya baridi ambayo hata mwenye duka hakujua ni wapi. Aliiita tu Mtu wa Huko Juu. Dada wawili wamerudi kuuza nyumba ya wazazi wao waliokufa. Mkubwa hataki, mdogo anataka, na yule mdogo ana barua mfukoni asiyoionyesha. Nilikuwa nasoma maandishi kwa sauti, mstari kwa mstari, na baba anaitikia mmh, mmh.

Mara kioo kikawa cheusi. Sauti ikaendelea. Ugonjwa huo wa runinga kuukuu unajulikana, taa za ndani zinaungua, watu wanaendelea kuongea gizani. Niliinama kuweka shati chini ili niende niipige kofi ubavuni, maana ndiyo dawa ya kwanza katika kila nyumba. Kabla sijasimama baba akasema,

"Nyumba yao ni nzuri. Ona vile wameweka hiyo maua karibu na dirisha, inapata jua."

Nilibaki nimeinama. Kwenye kile kioo cheusi nilijiona mimi mwenyewe, na dirisha letu, na yeye kwenye kiti. Alikuwa ameinua kidevu, uso umetulia, uso wa mtu anayetazama kitu kinachompendeza. Mmoja wa wale dada alicheka, naye akatabasamu. Niliomba Mungu aseme neno lingine, lolote, litakalofanya nisiwe nimeelewa.

"Mbona umenyamaza, Maitu? Wanasema nini?"

Uongo ulinijia mdomoni, ukanishinda.

"Baba, TV imezima picha."

Hakugeuka.

"Kutoka saa ngapi?"

"Kabla useme maua."

Wale dada waliendelea kuongea, na mvua juu ya mabati. Aliniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba jicho la kulia lilifunga kabla ya msimu wa mvua kuanza. La kushoto lilifuata polepole, na siku hizi anatofautisha dirisha na ukuta kukiwa na jua, basi. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Sauti yangu ilitoka kali, kama ninagombana na mteja.

"Ulikuwa unaniwekea hiyo dawa na roho yako yote," akasema. "Ningekuambia, ungefanya nini?"

Mimi ni mtu wa kurekebisha. Nguo ikipasuka natafuta uzi wa rangi yake, ikibana naifungua mshono, na nikishindwa najua angalau nimeshindwa wapi. Hapo sikuwa na pa kushika. Niliogopa, nikakasirika, nikamkasirikia yeye na daktari na zile chupa ndogo za matone, kisha nikaona haya kumkasirikia mzee aliyekaa gizani akinifurahisha. Nilisimama niizime ile runinga.

"Wacha," baba akasema. "Wacha imalize."

Nikakaa. Maandishi yalikuwa yamekwenda pamoja na picha, na lugha ya wale watu sikuijua hata neno moja. Tukasikiliza. Dada wawili waligombana, au labda walikubaliana. Kiti kikaburutwa. Mlango ukafunguliwa na upepo wa huko ukaingia, ukafungwa. Halafu mmoja wao, sikuweza kujua ni yupi, akaanza kulia, taratibu, kilio cha mtu asiyetaka kusikika. Baba alinisogezea sikio.

"Analia nini?"

Nikamwambia sijui.