Ngozi ya Kinanda cha Kinampanda

Chediel ni seremala wa Kinampanda. Kwa miaka thelathini na moja amepiga kinanda cha miguu cha kanisani, cha mbao nyeusi, kilicholetwa na wamisionari kabla yeye hajazaliwa. Mpigaji akikanyaga vibao viwili vya chini, mifuko ya ngozi iliyo ndani huvuta hewa, na sauti hutoka. Hakihitaji umeme. Kinahitaji ngozi nzima.

Mwaka jana ngozi ilipasuka. Usharika ulikuwa umeshanunua kinanda cha umeme, na Amosi, mwenyekiti wa wazee wa kanisa, hakuzungusha maneno.

"Kisipolia Jumapili ya Mavuno, tunakivunja. Mbao zake zinatosha benchi la kwaya."

"Mwenyekiti, utakalia kinanda?"

"Nimekalia magumu zaidi."

Chediel alichinja mbuzi, akawamba ngozi, akaikwangua hadi ikawa nyembamba, kisha akailainisha kwa samli kama alivyomwona bibi yake akifanya. Akaibandika kwa gundi, kinanda kikalia. Siku ya tatu alikuta panya wameitafuna hadi kwenye gundi. Zilibaki wiki mbili.

Alikwenda kwa Dorkas, mjane aliyewahi kutengeneza ngozi za kubebea watoto.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nasikia umewapikia panya."

"Si mlikuwa mnapaka samli?"

"Tulipaka. Mchana tulizivaa, usiku tukazilalia. Wewe yako umeifungia kanisani peke yake. Paka mafuta ya nyonyo, yananuka. Panya hagusi."

Akachinja mbuzi wa pili, ambaye ndiye alikuwa wa mwisho.

Jumapili ya Mavuno waumini waliingia na mtama, alizeti na kuku. Chediel akakanyaga. Kinanda kikavuta pumzi, kikalia. Kitufe kimoja kiligoma kunyamaza, ikabidi akinyanyue kwa ukucha kila mwisho wa mstari. Harufu ya mafuta ya nyonyo ikapanda. Akina mama wa sauti ya kwanza wakaimba vitenge vikiwa puani.

Baada ya ibada Amosi alikizunguka kinanda mara mbili.

"Kimelia," alisema. "Hatukivunji. Lakini kinanuka. Kikae nyuma, mlangoni."

Wanaume wanne wakakibeba. Sasa Chediel hupiga akiwa nyuma ya watu wote, upepo wa kiangazi ukimpuliza mgongoni, na hakuna anayegeuka kumtazama. Kila Jumamosi mchana hufungua ubao wa chini, akaingiza pua. Akikuta harufu imepungua, hupaka tena.