Sanduku la Risasi za Baba

Binti yangu alikuwa na miaka mitano aliponiambia kwa simu kwamba babu yake ana lipstick nyingi kuliko mimi. "Lakini zake hazifunguki, Mami. Nimejaribu na meno."

Nilikuwa nimeketi kwenye ngazi za nyumba tuliyopanga Hodge Hill, huku ughaibuni, kadi ya simu mkononi, sare ya kazi bado mwilini. Mimi nilikuwa nikitunza wazee wa watu kwa zamu, na mtoto wangu akitunzwa na baba yangu huko Bonde la Ufa, tukingoja viza yake. Nikamwambia ampe babu simu. Nilijua ni kitu gani alichokuwa anakitia mdomoni.

Baba alikuwa polisi wa akiba. Serikali ilimpa bunduki na risasi alinde kijiji na wezi wa mifugo, lakini haikumpa mshahara wala mahali pa kuziweka. Yeye aliziweka kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia, uvunguni mwa kitanda. Zilipoota kutu ya kijani alizipangusa kwa kitambaa chenye mafuta, akidhani anazisaidia.

"Baba, mtoto anatafuna risasi!"

"Hatafuni. Anajipaka tu," akajibu, akicheka.

Sikucheka. Nilimpigia kelele, mimi ambaye sikuwahi kumpandishia baba yangu sauti, mpaka dakika za kadi zikaisha.

Jumamosi nikaenda katikati ya jiji, kwenye duka linalouza vitu vya jeshi vilivyotumika. Mwenye duka alipomwona mwanamke mweusi mwenye sare ya kutunza wazee akiulizia sanduku la risasi, alinitazama kwa jicho baya. Nilipomweleza ni la nini, akageuka mwalimu. Akanitolea sanduku la chuma lenye mpira kwenye kifuniko ili unyevu usipite. Risasi zinataka pakavu na pa baridi, akasema, mbali na jiko na jua. Zisipakwe mafuta, kwa kuwa mafuta hupenya ndani yakaharibu baruti. Zenye kutu zirudishwe zilikotoka, zisichanganywe na nzima. Na zikae chini ya kufuli, mbali na bunduki, ufunguo mahali ambapo mtoto hafiki.

Kina mama wa kanisani kwetu Newtown wakanikusanyia vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Walinitania eti nafungua duka la dawa. Nikavitia sandukuni pamoja na kufuli na viatu vya mtoto, nikalituma kwa meli na mizigo ya wenzangu.

Lilipofika, Baba alisifu viatu. Kufuli halikumpendeza.

"Mwanangu," akasema, "wale watu wakija, nitawaambia wangoje nitafute ufunguo?"

"Ufunguo utauvaa shingoni."

"Na sanduku?"

"Liweke ghalani. Nyumbani kuna jiko, na kuna mtoto."

Akaanza kunieleza kwamba ghala liko ng'ambo ya ua, karibu na zizi, kana kwamba mimi sikuzaliwa pale. Nikamkata kauli. Nikamwambia asipofanya hivyo nitamhamishia mtoto kwa shangazi yake mjini. Hilo lilimweza. Alimpenda yule mtoto kuliko alivyowahi kutupenda sisi, na sikuona haya kulitumia hilo.

Alifanya kila nilichomwambia. Zile zenye kutu alizirudisha kituoni, akapewa nyingine. Kila Jumapili alinipa ripoti, kwa kejeli kidogo: "Risasi zako zimelala vizuri, afande." Nami nikaanza kulala vizuri.

Wezi walikuja asubuhi, ng'ombe wakitolewa zizini. Kaka yangu alinipigia nikiwa kazini Castle Vale, jikoni kwa bibi mmoja niliyekuwa nikimpikia uji wa shayiri.

"Dada, mzee ametuacha. Wamempiga risasi hapo nje."

Bunduki ilikuwa mkononi, tupu. Ufunguo ulikuwa katika mkono mwingine, ameshaukata kutoka shingoni. Hakufika ghalani. Mtoto alikuwa chini ya kitanda, hakuguswa. Sanduku nalo halikuguswa. Kaka alilifungua baadaye akakuta risasi zote kavu, ziking'aa.

Yule bibi aliuliza kutoka sebuleni kama uji umeungua. Nikamwambia ndiyo, umeungua, na nikaendelea kuukoroga huku nikilia.

Sikwenda kumzika. Pasipoti yangu ilikuwa imeshikiliwa na watu wa uhamiaji, na maombi yangu hayakumgusa mtu. Waumini walijaa sebuleni kwetu, wakaimba, wakapika chai. Mama mmoja wa Kongo, aliyepoteza watoto wake wakikimbia vita, alinishika mkono.

"Lia, mama. Lakini mutoto yako iko muzima. Miye sikubakia na hata moja."

Nilimchukia kwa muda, kwa sababu alisema kweli. Leo nikirudishwa kwenye ile simu ya lipstick, nitanunua sanduku lile lile, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Viza ya mtoto ilitoka mwaka uliofuata, akaja kukaa nami. Haikuchukua muda binti yangu akawa ananijibu kwa Kiingereza. Habari za babu yake hakuzitaja kabisa, mpaka alasiri moja nikimsuka nywele, ndipo akaniuliza kwa Kiswahili alichokuwa ameanza kukiacha.

"Mami, mbona babu aliniacha?"

"Hakukuacha."

"Aliniacha. Nilikuwa chini ya kitanda, niliona miguu yake. Alitoka mbio akaenda nje. Watu wabaya wakikuja, si unakaa na mtoto?"

Muda wote ule alikuwa na kinyongo na marehemu, na mimi sikujua. Ningeweza kusema babu alitoka kuwafukuza wezi, na usingekuwa uongo. Lakini nilimwona Baba kaburini akihesabiwa kuwa mwoga na mtu aliyempenda kuliko wote, nikashindwa.

"Alikuwa anafuata risasi," nikasema. "Zilikuwa ghalani. Mimi ndiye niliyemwambia aziweke mbali nawe."

Kichwa chake kilitulia mikononi mwangu. Nilingoja anigeukie.

"Kwa hivyo alikuwa anarudi," akasema.

"Alikuwa anarudi."

Akaegemeza kichwa gotini pangu, nusu kimesukwa, nusu bado, akamlilia babu yake kwa mara ya kwanza. Kuhusu mimi hakuuliza kitu, na mpaka leo hajauliza.