Sanduku Lililobebwa Hadi Pinga

Ofisi yetu ya kutafuta watoto waliopotezana na wazazi wao ilikuwa chumba kimoja nyuma ya kanisa, pale Mweso, na ilikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyewahi kuiandika: risasi zikikaribia, choma makaratasi. Orodha ya majina ni orodha ya makabila na vijiji, na tulikuwa tumeshaona orodha ikisomwa na watu wasiostahili kuisoma. Mimi mwenyewe nilichoma daftari mara mbili. Mara mbili nikaanza upya kuwauliza watoto wale wale majina ya mama zao.

Ndiyo maana fundi mmoja alitujia kutoka Goma na kisanduku kisichozidi kipande cha sabuni. Ni kompyuta, alisema, ingawa hakikuwa na kioo wala vitufe. Alikuwa amekitia mfumo wa kuendeshea kompyuta uitwao Linux, ulionyofolewa kila kisichohitajika, ukabaki mifupa mitupu, na juu ya mifupa hiyo akaweka hifadhidata ya watoto: jina katika jedwali moja, mahali alipo mtoto katika jedwali jingine. Kiliishi kwa betri ya pikipiki na bamba la jua, nami nilikiuliza maswali kwa simu yangu. Wenzangu walinitania kwamba nimeoa sabuni. Niliwaacha wacheke, maana nilikuwa na majivuno yangu.

Kilikuwa na ugonjwa mmoja. Kadi yake ya kuhifadhia huchoka ikiandikwa-andikwa, na ya kwanza ilikuwa imeshakufa. Fundi akahamishia hifadhidata kwenye kumbukumbu ya muda, ile inayofutika umeme ukikatika, kisha akanifundisha amri ya kunakili yote kwenye kadi kila jioni. Kila jioni, alirudia, kama anayemweleza mgonjwa habari za vidonge.

Wiki ile mvua haikukata. Siku tatu jua halikutoka, betri ikalegea, nami nikaogopa umeme usije ukakatika katikati ya kunakili, ukaharibu hata nakala ya zamani. Nikasema kesho. Jioni ya pili nikasema kesho, na ya tatu vilevile. Hoja yangu ilikuwa nzuri, na mpaka leo naichukia.

Asubuhi iliyofuata akaja mama mmoja aliyetoka Burungu kwa miguu. Mume wake alikwenda kuchimba madini Bisie na hakurudi tena. Alikuwa amebaki na binti mmoja wa miaka sita, na huyo naye alimponyoka mkononi watu walipokuwa wanakimbia. Nikaandika jina la mtoto kwenye simu. Sanduku likakawia kidogo, likajibu: yupo, aliandikishwa juzi, amepokewa na familia. Nikamkumbuka sura, ingawa si mahali alikopelekwa, maana siku zile watoto walikuwa wengi. Alikuja ameshika mfuniko wa sufuria, akakataa kuuacha. Nilipomwambia mama yake kwamba mtoto yuko hai, aliketi chini kwenye saruji, akafunika uso.

Swali la pili, la kuuliza ni familia gani na iko wapi, nilikuwa bado naliandika wakati risasi zilipoanza upande wa soko.

Mikono yangu ikafanya ilichozoea. Nilikusanya vikaratasi vyote vya siku zile tatu, tulivyoandikia habari za watoto kabla ya kuziingiza kwenye sanduku, nikavitia kwenye ndoo, nikamwaga petroli, nikawasha, nikasimama pale nikikoroga kwa kijiti mpaka haikubaki hata kona moja. Kisha nikachomoa waya, nikatia sanduku mfukoni, nikakimbia. Muda ule wa kukoroga majivu ungetosha kunakili kila kitu. Na betri ya pikipiki si mzigo wa kumshinda mwanamume. Ningeibeba pamoja na waya wake. Yote hayo yalinijia tulipokwisha kuvuka mto, na kwamba kwa kuchomoa waya nilikuwa nimewafuta watoto wa siku tatu; nikasimama ghafla, nikateleza na kuanguka kwenye matope. Majuto ni mjukuu, wanasema. Wangu alikuja kabla ya saa moja kupita.

Mama yule alikuwa nyuma yangu. Aliniinua kwa mkono, akaniita baba kwa namna ya kwetu.

"Papa, mutoto yangu iko mu ile mashini?"

Nikasema ndiyo.

"Basi unipe niibebe. Wewe uko naanguka-anguka."

Nikampa. Alilizungushia kitambaa cha kichwa, akaliweka mgongoni, akalifunga kwa kitenge, akaangalia kama fundo limekaza. Halafu akatangulia.

Tulitembea siku tatu kuelekea Pinga, upande wa Walikale ambako nina ndugu. Mvua ikija, alisimama chini ya majani ya ndizi na kugeuza mgongo mahali pakavu, yeye akilowa kifua. Kwenye miteremko alishuka kwa matako ili asianguke chali. Kila tulipopumzika nilifungua mdomo nimwambie, na kila mara nikauliza kama ana kiu. Nilikuwa mwoga, sina neno jingine.

Pinga kulikuwa na duka la mfanyabiashara wa Butembo, mwenye jenereta ya kuchajia simu za watu. Mama alifungua kitenge mwenyewe, akalipangusa sanduku kwa kanga kavu aliyoomba kwa jirani wa duka, akanikabidhi kwa mikono miwili. Nikachomeka waya. Taa ikawaka, naye akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Simu ikanionyesha tarehe ya sanduku: Januari mosi, mwaka wa 1970. Sanduku lile likizimika husahau hata mwaka. Nikaandika jina la binti yake, nikijua. Halikuwepo.

Nikamweleza yote, kadi, mvua, kesho zangu tatu, na kwamba nilijua tangu mtoni. Hakulia. Alikishika kitenge, akakikung'uta kama kina makombo.

"Papa, sasa ku mugongo nilikuwa nabeba nini?"

Nikachomoa waya na kuukunja. Jenereta ilipozimwa akasema, "Andika tena, ku karatasi. Na hii usiichome."

Nikaandika jina, umri, kovu la goti la kushoto, mfuniko wa sufuria. Asubuhi alirudi njia ile ile tuliyojia, akiuliza mlango kwa mlango. Sikumwona tena. Tangu hapo nimekimbia vita mara mbili nyingine, na mara zote mbili nimetoka nyumbani na karatasi ile. Mpaka leo hakuna aliyekuja kuiulizia.