Niliituni database ya chanjo za ng'ombe, kumbe naiua diski

Wakuu, poleni na mihangaiko. Nipo Karatu, nimechoka, na ninayoandika hapa yamenikuta mimi mwenyewe. Hata panaponiaibisha sijaficha.

Nafanya IT kwenye shirika dogo linalochanja mifugo. Server yetu ni kompyuta ya mezani ya zamani. Inasafiri na timu kwenye Land Cruiser, maana huko wanakochanja mtandao ni wa kubahatisha.

Miezi ya karibuni ikawa nzito. Ukitafuta jina la mfugaji, unamaliza chai halijatokea.

Nikajifungia nayo wiki nzima. Nikaongeza index, nikaandika upya query za kutafutia majina, nikaipa database memory zaidi. Ikachangamka. Nikajiona mtaalamu.

Tatizo likabaki moja: ikizimwa, cache, yaani kumbukumbu yake ya muda, inafutika, ukiiwasha inaanza tena kujivuta. Nikawaambia timu msiizime kabisa. Hata mkiwa njiani, ichomekeni kwenye inverter ya gari.

Mama Fausta, mama mmoja kutoka Qurus anayetuingizia data, akaniambia, "Mwanangu, hii kitu inagonga ndani. Tik, tik, halafu inatulia."

Nikamjibu ni feni hiyo, mama.

Wakuu, kuangalia afya ya diski ni amri ya mstari mmoja. Sikuiandika. Nilikuwa bize na index zangu.

Wakaenda Soitsambu. Mnaoijua ile rough road mnajua gari linavyotetemeka. Na hii ni diski ya kuzunguka, sio SSD, inazunguka kutwa nzima kwa sababu mimi nimesema isizimwe. Mama Fausta aliizungushia shuka mbili akaishikilia njia nzima.

Wakachanja siku nne. Siku ya tano ikajizima, haikuwaka tena.

Backup ilikuwepo, tena ya kila jioni. Kwenye diski hiyo hiyo, partition nyingine. Chekeni tu.

Fundi wa Arusha aliiweka diski sikioni, akanirudishia bila kuifungua: hakuna cha kuokoa.

Safari hiyo hereni za masikio zilikuwa zimeisha, kwa hiyo ng'ombe hawakuwa na alama yoyote. Bila rekodi hakuna cheti, na bila cheti huwapeleki mnadani. Daktari wa mifugo akaamua warudishwe wote, wachanjwe upya. Akanituma mimi nikawaambie wenyewe.

Mfugaji mmoja, Saitoti, alikuwa ametembea na ng'ombe wake siku mbili kufika kwenye chanjo. Nikamweleza habari za diski. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Kwani ng'ombe wangu wamepotea?"

Nikamwambia hapana mzee, zimepotea rekodi tu.

"Mimi nachunga hawa tangu mdogo, sijapoteza hata mmoja. Wewe umepewa siku nne, umepoteza wote."

Hakupandisha sauti. Akaenda kuwakusanya aanze safari upya. Nilitamani anitukane.

Mama Fausta naye hajanisema mpaka leo, na hiyo ndiyo inaniuma zaidi. Alisikia kabla yangu.

Nilichojifunza: mashine ikiwa nzito, anza na diski kabla ya query. Backup ikae mbali na mashine. Na anayekaa nayo kutwa akikwambia inagonga, fungua kifuniko.

Tumepata SSD. Kesho tunarudi Soitsambu, mashine imezimwa, naishikilia mimi.

Waliowahi kuua diski kwa mikono yao, karibuni tusemezane. Hata kejeli nazipokea.