Madumu Mawili Meusi

Watu wanamwita kaka yangu Fundi Kidole, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi. Mpe oili yoyote, atachovya kidole cha shahada, ataisugua na dole gumba huku amefumba macho, kisha atakwambia uzito wake. Hakosei. Yaani, alikuwa hakosei.

Gereji yake na chumba changu cha kushonea viti vya magari vimetenganishwa na ukuta wa mabati, kwa hiyo najua anapokohoa na anapotukana. Kazi yake ni kuunda injini za mbio za mstari: magari mawili, barabara iliyonyooka, sekunde tisa, basi, mshindi amejulikana. Kwa mbio hizo hutumia oili nyepesi mno, karibu na maji. Oili nzito, anasema, huichosha injini kama mtu anayetembea kwenye tope. Nyepesi huiacha izunguke kwa raha. Lakini nyepesi haitaki injini iliyolegea. Nafasi kati ya vyuma lazima ibane kabisa, la sivyo oili inakimbia, chuma kinasaga chuma, injini inakwama na magurudumu yanagoma ghafla. Na anayekuwa ndani kwenye kasi hiyo ni binti yake wa pekee, ambaye mimi ndiye niliyemsuka nywele siku yake ya kwanza ya shule.

Wapinzani walikuwa na tabia ya kuchungulia lebo. Kaka akaamua kuwakomesha: kila oili akaimimina kwenye madumu meusi yanayofanana, bila herufi hata moja. "Lebo ninayo hapa," alisema, akiinua kidole. Ujanja huo ulinichekesha miaka mingi.

Sasa sicheki. Mwezi mmoja kabla ya mbio kubwa alikuja kuniazima mkasi, akaegemea meza yangu, akaanza kumsema mteja mmoja mbishi. Sindano yangu ilikuwa imemwingia kidoleni hadi nusu. Yeye anaongea tu.

"Kaka, sindano."

Akaitazama kana kwamba kidole ni cha mtu mwingine. Akaichomoa, akaenda kufunga mlango.

"Ganzi ya kawaida," alisema. "Itapita. Ukimwambia mtoto, undugu wetu umekwisha."

Mimi nina mdomo, mtaa mzima unajua. Siku hiyo nikaufyata. Nilimwonea huruma, tena nilimwogopa, na hadi leo najichukia kwa yote mawili.

Wiki ya mbio, injini mpya ilipasuka kwenye mazoezi. Wakarudisha ya zamani, iliyolegea, ambayo haiendi bila oili nzito. Asubuhi, pale uwanjani, nilimwona kaka ameinamia madumu mawili. Akachovya, akasugua, akafumba macho. Akachovya tena. Maisha yangu yote sijawahi kumwona akichovya mara mbili. Akainua dumu la kushoto, akamimina.

Nilijiambia labda amepatia. Nikaenda kukaza mikanda ya kiti nilichomshonea binti, nikarudi, nikakaa, nikasimama. Gari likawashwa. Binti akaniinulia dole gumba dirishani, na hapo uvumilivu ukanishinda. Nililikimbilia dumu la kushoto, nikatia kidole kwenye matone yaliyobaki, kisha nikatia kingine kwenye dumu la pili. Mtu yeyote mwenye ngozi angejua.

"Zima gari!" nilipiga kelele. "Zima, humo mna nyepesi! Baba yako vidole havisikii!"

Uwanja mzima ulinisikia, wateja na wapinzani pamoja. Kaka alibaki amesimama na tambara mkononi, akilifuta dumu ambalo halikuwa na uchafu. Binti alizima, akashuka, akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakipitisha vidoleni mwake. Hakumtazama baba yake. Alinitazama mimi.

"Shangazi, ulijua tangu lini?"

"Mwezi," nikasema. Kudanganya nako kulinishinda.

"Mwezi," alirudia. "Mwezi huu nimekimbia mara mbili."

Akavua kofia ngumu, akaiweka juu ya kiti, akaondoka kwa miguu. Sijawahi kuaibika namna ile, na nilistahili.

Siku tatu kaka hakunisemesha. Kupitia mabati nilimsikia akikohoa tu. Hata kutukana aliacha. Siku ya nne, mchana, aliingia, akakaa kwenye kiti cha gari nilichokuwa sijamaliza kukishona, akalaza mikono yote miwili mezani, viganja juu.

"Chukua sindano," alisema. "Nitafutie kimoja kinachosikia. Kimoja tu kitanitosha."

"Fumba macho basi."

Akafumba. Nilianza na dole gumba la kulia, nikaja cha shahada, nikaendelea. Nilikuwa nachoma taratibu, halafu kwa nguvu kidogo, halafu hadi katone ka damu katokeze. "Bado," alikuwa akisema. "Bado. Endelea." Tulipofika kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, machozi yalinizuia kuona, nikasita, sindano ikiwa hewani.

"Hapo!" akasema, uso ukamchanua. "Hapo nimesikia. Si nilikwambia?"

Nilikuwa sijamgusa.